Upweke wa mjini: je, kwaya na ngoma za mtaani zinasaidia?

Upweke ni tatizo la afya kweli, au ni huzuni tu?

Kujisikia mpweke siku mojamoja ni kawaida na hakuhitaji tiba. Unaotutia wasiwasi ni ule unaokaa miezi. Huo huongeza uwezekano wa kupata ugonjwa wa moyo, kiharusi, kisukari, sonona na kupoteza kumbukumbu uzeeni. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya Juni 2025 inakadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba vifo kama 871,000 kila mwaka vinahusiana nao.

Si ugonjwa wa Wazungu huo?

Ndivyo tunavyopenda kuambiana. Ripoti hiyohiyo inasema kinyume: katika nchi za kipato cha chini, karibu asilimia 24 ya watu walisema ni wapweke, katika nchi tajiri, asilimia 11 hivi. Vijana nao hawajasalimika. Aliyepanga chumba Manzese au Kayole, akatoka alfajiri na kurudi usiku, anaweza kupishana na wapangaji wenzake kwenye korido mwaka mzima bila kujuana majina. Kuzungukwa na watu si kinga.

Kuimba kutabadilisha nini?

Jijini San Francisco, Marekani, watafiti waliunda kwaya katika vituo 12 vya wazee. Walishiriki watu 390 wa asili mbalimbali, wenye miaka 60 na kuendelea. Vituo vingine vilianza mazoezi mara moja, vingine vikasubiri ili kuwe na wa kulinganisha nao. Baada ya miezi 6, walioimba walikuwa na upweke pungufu na hamu zaidi ya maisha. Kumbukumbu na nguvu za miguu hazikubadilika kwa kiwango cha maana. Matokeo hayo, yaliyotangazwa 2018, nayaamini zaidi kwa sababu hayakuahidi kila kitu. Ukisikia kwaya inaponya presha, uliza maswali.

Mimi sina sauti. Je, nifinyange vyungu?

Finyanga. Watafiti wa Oxford, mwaka 2015, waliwalinganisha watu waliokuwa wakijifunza kuimba na waliokuwa kwenye madarasa ya kazi za mikono na uandishi. Waimbaji walizoeana haraka zaidi mwanzoni, lakini kufika mwezi wa 7 wenzao walikuwa wamewafikia. Kuimba pamoja kunawaweka watu kwenye mdundo mmoja kabla hawajalazimika kujieleza, na hilo ni nafuu kubwa kwa mgeni mwenye haya. Kwingine inabidi kuvumilia kidogo. Halafu, kwaya nyingi zina mtu wa sauti ya nne ambaye hajui anaimba nini, na akikosekana anaulizwa.

Kwetu jambo hili ni geni?

Hata kidogo. Beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi, ilianza Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea hadi Dar es Salaam na bara. Vikundi kama Marini na Arinoti viliwapokea waliohamia mjini, vikawapa vyeo, na mwanachama akiugua au kufariki, wenzake walichangia. Wanawake wa Mombasa walikuwa na vyama vyao vya lelemama, ngoma ya wanawake. Zanzibar, kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905.

Tazama vile vyeo. Mtu alikuwa na nafasi yake, na asipoonekana nafasi hiyo ilikuwa wazi mbele ya wote. Miradi mingi ya siku hizi inakosea hapo: wasanii wanaletwa na gari, wakazi wanapangiwa viti vya plastiki, wanapiga makofi, wanarudi kwenye vyumba vyao. Ni burudani nzuri, ila upweke hauguswi.

Nataka kuanzisha kikundi mtaani. Nianzie wapi?

Siku ileile kila wiki, mahali watu wanapofika kwa miguu, saa ambayo mwanamke anaweza kurudi nyumbani salama. Uwanja wa ofisi ya serikali ya mtaa au darasa la shule jioni vinatosha, ombeni ruhusa. Gawa kazi mapema: mwenye ufunguo, mwenye daftari, mpiga ngoma, na mmoja wa kumpigia simu aliyekosa mara mbili. Huyo wa simu ndiye muhimu kuliko wote, hata kuliko mwalimu.

Jihadharini na sare. Kikundi kikichangamka tu, mtu atapendekeza vitenge vya kufanana, kisha mchango, kisha faini ya kuchelewa. Asiye na hela hatasema hana. Ataacha kuja, na pengine ndiye aliyekihitaji zaidi.

Ni lini kikundi hakitoshi?

Mtu akikaa wiki mbili au zaidi hana raha na chochote, halali au analala mno, hali chakula vizuri, anajiona hana thamani, hiyo inaweza kuwa sonona. Aende kituo cha afya aonwe. Akitaja kufa au kujidhuru, msimwache peke yake: mmoja wa kikundi amsindikize hospitali siku hiyohiyo, na asubiri naye hadi aonwe.