Mng'ao wa usiku unavyofichua mawimbi ya anga

Ukisimama ufukweni Entebbe alfajiri, baada ya radi kunyamaza ziwani, utaona viwimbi vikikujia miguuni kimoja baada ya kingine. Hewa nayo ina mawimbi. Dhoruba ikifura, au upepo ukigonga mlima kama Rwenzori, hewa husukumwa juu, uzito wake huirudisha chini, inapitiliza, kisha inapanda tena. Haya huitwa mawimbi ya graviti.

Yanapopanda hukuta hewa nyepesi zaidi, nayo hukua. Kwenye kilomita 80 hadi 100 mengi huvunjika, yakiacha huko msukumo yaliotoka nao chini. Puto halifiki kimo hicho, setilaiti haiwezi kudumu, roketi hupita dakika chache tu. Bahati nzuri ni kwamba hewa ya huko hutoa mwanga wake yenyewe: jua huvunja molekuli za oksijeni mchana, na usiku atomi zikiungana tena hutoa kijani hafifu. Chini kidogo, kama kilomita 87, ozoni ikikutana na haidrojeni huzaa haidroksili (atomi ya oksijeni iliyoshikana na ya haidrojeni) inayong'aa, zaidi kwa miali isiyoonekana kwa macho.

Kamera ya anga nzima, inayopiga picha za mng'ao huo, hulalia mgongo, kioo kikitazama juu. Picha yake ni ya duara kama sinia, na wimbi likipita utaona mistari ya mwanga na giza kama migongo ya bati. Linganisha picha zilizofuatana, utajua mistari imeachana kilomita ngapi, inakwenda wapi, kwa kasi gani.

Ncha ya Kusini jua hutua Machi na kurudi Septemba, kwa hiyo kamera hukesha miezi, ingawa mawingu, mwezi na aurora, mianga ya rangi inayocheza angani karibu na ncha, huisumbua. Vituo vya Antaktika kama Halley, Rothera, Davis na Syowa vimefanya kazi hiyo.

Linalonivutia kuliko yote ni hili: kwenye kimo cha kilomita 85 hivi juu ya ncha, kiangazi, jua lisipotua kabisa, ndipo baridi huzidi, hata chini ya nyuzi 130 hasi. Mawimbi yanayovunjika huisukuma hewa kutoka ncha ya kiangazi kwenda ya kipupwe. Juu ya ncha ya kiangazi hewa hupanda kujaza nafasi hiyo, ikitanuka na kupoa. Inaposhuka upande wa pili hubanwa na kupata joto.

Dhoruba za Ziwa Victoria nazo hutuma mawimbi juu, na tungestahili kuyapiga picha kutoka hapa Uganda. Usiku usio na mwezi, kule kwenye hifadhi ya Kidepo mbali na taa za Kampala, hata kamera ya kawaida iliyoachwa wazi sekunde 30 yaweza kunasa ule ukijani.