Mwanaisha: maana ya jina na asili yake

Mwanaisha ni jina la kike la Waswahili wa pwani. Siku hizi ukilisikia, mara nyingi mwenyewe ni mama mtu mzima au bibi mwenye wajukuu. Mabinti wanaozaliwa sasa huitwa Aisha tu.

Ni majina mawili yaliyoungana, Mwana na Aisha. A mbili zilipokutana zikamezana, ikabaki moja. Aisha ni jina la Kiarabu, maana yake aliye hai, na neno letu kuishi limetoka shina hilohilo. Ndivyo alivyoitwa mke wa Mtume Muhammad, binti wa Abubakar, na ndiyo sababu limeenea kila walipo Waislamu.

Linalowapotosha wengi ni hilo Mwana. Wapo wanaoeleza kuwa Mwanaisha ni mtoto wa Aisha. Sivyo. Katika Kiswahili cha zamani, Mwana ni neno la heshima kwa mwanamke muungwana, kama leo tunavyosema Bibi au Bi. Mwana Khadija alitawala Pate, mji wa kisiwani karibu na Lamu, katika karne ya 18. Masimulizi ya Mombasa yanamtaja Mwana Mkisi kuwa mtawala wa mji kabla ya Shehe Mvita. Ushahidi ulio wazi zaidi ni Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia bintiye utendi wa mawaidha mwaka 1858. Mzazi wake yumo kwenye "binti Mshamu", kwa hiyo Mwana hapo haliwezi kuwa "mtoto wa". Na huyo bintiye naye aliitwa Mwana Hashima.

Mwanahawa na Mwanafatuma ni majina ya namna hiyohiyo. Mwanahamisi na Mwanaidi hubeba pia siku ya kuzaliwa. Upande wa wanaume heshima hiyo ilikuwa Mwinyi, ndipo tukapata Mwinjuma.

Mimi naliona Mwanaisha zuri kuliko Aisha peke yake, kwa kuwa mtoto anapewa heshima yake tangu siku ya akika, sherehe ya kumchinjia na kumpa jina. Ila liandikwe neno moja. Makarani hulikata likawa "Mwana Isha", na kitambulisho kikitofautiana na cheti cha kuzaliwa, mwenyewe huishia kwa wakili kula kiapo kwamba majina yote mawili ni yake. Mzazi anayeandikisha mtoto alisome herufi kwa herufi kabla ya kutia sahihi.