Imani katika vitabu vya watoto: ninachokitafuta ninaposoma muswada

Kazi yangu ni kuhariri hadithi za watoto kwa Kiswahili, na katika miswada ninayoisoma dini hujitokeza kwa namna mbili. Mara nyingi haimo kabisa, hata pale ambapo familia inayosimuliwa inaishi Tanga au Malindi, mahali ambapo siku ya mtoto hupangwa kwa adhana, kwa saa ya chuoni na kwa kengele ya kanisa lililo jirani. Mara nyingine imo yote kwa pamoja, imelundikwa katika ukurasa wa mwisho, ambapo mzee fulani anaingia ghafla na kumweleza mtoto funzo alilopaswa kulipata. Namna zote mbili humnyima msomaji mdogo nafasi ya kuiona imani kama sehemu ya maisha ya mtu, pamoja na furaha yake, uchovu wake na maswali yake, na hilo ndilo ninalolitetea kila ninapokaa na mwandishi.

Kutokuwamo kwa dini ninakuelewa. Mchapishaji anataka kitabu cha ziada kisomwe katika shule zote, na anaogopa kwamba sala ya upande mmoja itawaudhi wazazi wa upande wa pili. Lakini watoto wanaokua katika nyumba za kupanga za Dar es Salaam au Mombasa hawaishi hivyo. Wanakula pilau ya Idi kwa jirani, sahani inarudi Krismasi ikiwa na kitu ndani yake, na wanajua vizuri nani hasumbuliwi mchana wa Ramadhani na nani amevaa nguo mpya kwa sababu ya Pasaka. Mwandishi anayeyafuta haya ili asimkwaze mtu huishia kuandika juu ya mtaa ambao hakuna mtoto anayeutambua.

Maandishi ya malezi katika lugha yetu hayakuanza kwa woga huo. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa wosia ambao hadi leo unasomwa na kufundishwa. Humo ibada imekaa pamoja na usafi wa nyumba, adabu ya ulimi na namna ya kuishi na mume. Yapo maagizo, hasa yale ya utii wa mke, ambayo wasomaji wengi wa leo watayapinga, nami sioni ubaya wakiyapinga. Ila hakuna anayeusoma utendi ule akashindwa kumsikia anayesema, yaani mama ambaye maradhi yamemkalia muda mrefu na ambaye anahofu kwamba hatapata wasaa mwingine wa kumwambia mwanawe. Mawaidha yake yana mtu ndani yake. Katika kurasa nyingi za mawaidha ninazoletewa sasa, mtu huyo hayumo. Yamebaki maagizo matupu.

Nitoe mfano niliouandaa kwa ajili ya mafunzo ya waandishi. Zuhura ana miaka minane na ameazimia kufunga siku nzima kwa mara ya kwanza. Saa tisa alasiri, bibi yake akiwa uani anakuna nazi ya mihogo ya futari, Zuhura anachota maji mtungini kwa kata, anakunywa kwa pupa na kujifuta mdomo kwa upindo wa mtandio wake. Muswada wa kawaida humwadhibu papo hapo: usiku tumbo linamkata, bibi anamwambia kwamba Mungu amemwonyesha, na hadithi inakwisha. Mimi humwomba mwandishi ajaribu njia nyingine. Bibi anapita, anaona matone sakafuni, anayafuta kwa unyayo na kuendelea na kazi yake. Magharibi ikiadhiniwa anamwita Zuhura akae mkekani kama wengine na kumpa tende. Zuhura haipokei. Anasema, "Bibi, mimi nilikunywa maji." Bibi anajibu, "Najua, mjukuu wangu. Kesho utafunga mpaka adhuhuri, na kesho kutwa tutaongeza kidogo. Haya, kula tende yako."

Katika njia hii ya pili funga haikupungukiwa heshima yake. Mtoto amejua kwamba alichokifanya kina uzito, ndiyo maana hakuweza kuipokea tende, na amelijua hilo mwenyewe bila kutishwa. Ile ya kwanza, pamoja na kuwa nyepesi kuandika, ina madhara ambayo mwandishi huenda hakuyafikiria. James Fowler, mtaalamu wa Marekani aliyechapisha mwaka 1981 nadharia yake ya hatua za ukuaji wa imani, alieleza kwamba watoto wa umri wa shule ya msingi huzichukua hadithi za dini kama zilivyo, na humwona Mungu kama mwamuzi anayelipa jema kwa jema na baya kwa baya. Mtoto wa umri huo akisoma kwamba tumbo la Zuhura liliuma kwa sababu alikunywa maji, ataibeba kanuni hiyo hadi wodini siku mdogo wake atakapolazwa kwa malaria, na atajiuliza mdogo wake amekosa nini, au yeye mwenyewe amefanya nini.

Isitoshe, njia ya kwanza ina kosa la dini yenyewe. Funga haijawa wajibu kwa mtoto ambaye hajabaleghe. Wazazi humzoesha tu kidogo kidogo. Vivyo hivyo, sheria ya Kanisa Katoliki inawataka waamini kujinyima nyama kuanzia wanapotimiza miaka 14, na kufunga kuanzia utu uzima mpaka wanapoanza mwaka wa 60, kwa hiyo mhusika wa miaka tisa aliyekula mshikaki siku ya Ijumaa Kuu hajavunja amri ya Kanisa, hata kama shangazi yake amekasirika. Ndiyo sababu sipeleki kitabu mtamboni kabla hakijasomwa na mwalimu wa madrasa au katekista, kulingana na kilichomo.

Hadithi za manabii zinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu wengi hudhani kwamba zikishaitwa za pamoja basi zimefanana. Chukua habari ya Nuhu. Katika Biblia wanawe watatu, Shemu, Hamu na Yafethi, wanaingia safinani pamoja naye, kunguru na njiwa wanatumwa kutazama kama maji yamepungua, na safina inatua juu ya milima ya Ararati. Katika Kurani yupo mwana anayekataa kupanda, akisema atakimbilia mlimani, na wimbi linamtenganisha na baba yake. Safina inatua juu ya Judi, na njiwa hatajwi. Mwandishi anayechanganya mapande ya huku na huku ili kumridhisha kila mtu humpa mtoto kisa ambacho hatakikuta nyumbani kwake wala kwa jirani. Afadhali achague simulizi moja na kuifuata kwa uaminifu. Katika michoro, kwa kuwa Waislamu wengi hawakubali sura ya nabii yeyote ichorwe, mchoraji anaweza kuonyesha safina, mawimbi, mbao na wanyama wakipanda wawili wawili bila uso wa Nuhu. Mtoto wa kitabu cha picha hutazama zaidi twiga na tembo, wala hatahisi kwamba amepunjwa.

Kipimo kigumu kuliko vyote ni msiba. Watoto wetu wanakuwapo misibani, wanakaa chini ya turubai, wanaona mama zao wamejifunga kanga viunoni wakisonga ugali wa waombolezaji, na wanasikia watu wakisema, "Kazi ya Mungu haina makosa." Kwa mtu mzima maneno hayo yanaweza kuwa nguzo ya kuegemea. Kwa mtoto aliyemwombea mama yake kila usiku na bado mama akafa, yanaweza kuufunga mlango usoni pake, kwa sababu anaambiwa kwamba jambo alilolia mpaka akachoka ni sawa na kwamba si adabu kuuliza zaidi. Katika miswada mingi mhusika husikia maneno hayo, hufuta machozi na kuelewa. Hakuna mtoto anayeelewa upesi namna hiyo, na msomaji aliyefiwa atajiona mbaya kwa sababu yeye bado hajaelewa.

Ninawasihi waandishi wamwache mtoto aulize, "Mbona nilimwomba na hakumponya?" Kisha mtu mzima anayeaminika, baba mdogo kwa mfano, aseme, "Sijui, mwanangu. Nami nimemuuliza hivyo hivyo." Wapo wanaoniambia kwamba huko ni kufundisha ukafiri. Dini zenyewe haziwaungi mkono. Ayubu wa Biblia analalamika sura baada ya sura, na mwishoni wanaokemewa ni rafiki zake waliokuwa wakimtetea Mungu kwa maneno mepesi. Katika Hadithi za Mtume imepokewa kwamba alilia mwanawe Ibrahimu alipofariki, akasema kwamba jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika, ila hasemi isipokuwa linalomridhisha Mola wake. Ikiwa Mtume alilia mbele ya watu, mhusika wa miaka kumi naye ana ruhusa ya kulia mpaka ukurasa wa mwisho.

Jambo moja silikubali hata likiandikwa kwa ufundi: bibi kizee wa pembeni mwa kijiji, mwenye macho mekundu na hirizi, anayegunduliwa kuwa mchawi. Kanda ya Ziwa nchini Tanzania wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma hizo, wengi wakiwa wamepata wekundu wa macho kwa moshi wa kupikia wa miaka mingi, na watu wenye ualbino wameshambuliwa kwa imani za kishirikina. Kitabu kinachomtisha mtoto kwa sura ya mzee hakiwezi kutoka mikononi mwangu. Tambiko la ukoo ni jambo lingine. Linaweza kuandikwa kwa heshima ile ile ya misa au Maulidi, likionyesha nani anaita majina ya wahenga, nani anamimina pombe, na mtoto amesimama wapi.

Pengo ninaloliona sasa ni la wasomaji wa miaka 13 hadi 17. Wamepata kipaimara au wamehitimu madrasa, wengine wamechoka kwenda, wengine wamezama katika ibada kuliko wazazi wao, na wapo waliompenda mtu wa dini nyingine na hawajui wamwambie nani. Juu ya hali hizi ninaletewa ama makaripio ama mapenzi yasiyo na imani ndani yake. Mwandishi aliye na riwaya fupi inayomfuata kijana wa namna hii bila kumhukumu na bila kumharakisha, anaweza kuniletea hata kabla haijakamilika. Sura tatu za mwanzo zinatosha kwa sisi kuanza kuzungumza.