Geuza kochi kabla ya kuuliza bei

Kazi yangu ni kukarabati makochi na vitanda hapa Nairobi, na wateja wangu wengi ni vijana waliohamia nyumba yao ya kwanza. Huniletea kochi la mtumba lenye kitambaa kinachong'aa, lakini ukilikalia, linalia. Inaniuma, kwa sababu pesa zenyewe zilitafutwa kwa jasho. Kitambaa na sponji hubadilishwa wakati wowote. Fremu ikioza, utalijenga kochi upya.

Kwa hiyo muombe muuzaji mligeuze, miguu iangalie juu. Kwa chini huwa kumepigiliwa kitambaa chepesi. Kikiwa kimeachia mahali, chungulia kwa tochi ya simu. Tafuta mbao nzima, ncha ya ubao mmoja (ulimi) ikiwa imeingia kwenye tundu la mwingine, au skrubu na gundi, na vipande vya kushikilia kona. Ukikuta mabanzi yaliyopigwa misumari mitupu, teremsha bei sana au uende zako. Ukiona vitundu vidogo na unga laini unaomwagika, huenda wadudu bado wamo ndani. Usilipeleke nyumbani.

Lisimamishe tena, kisha inua pembe moja ya mbele kama sentimita 15. Mguu wa pili wa mbele unapaswa kufuata. Ukibaki sakafuni, fremu imelegea.

Meza na makabati ni rahisi zaidi. Meza ya mvule iliyochujuka rangi ni mali: msasa, vanishi, basi. Chipbodi, yaani ubao wa vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi, ipapase chini, karibu na sakafu. Ikiwa imevimba, ilinyonya maji, na haitarudi ilivyokuwa.

Godoro nunua jipya, hata kama ni jembamba. Kunguni hukaa miezi bila kula, wamejibana kwenye mishono. Hata kwenye kochi na kitanda, pekua mishono na nyufa ukitafuta vidoa vyeusi.

Kuhusu bei, pita kwanza kwa mafundi wa kando ya Ngong Road uulize kitu kipya cha aina hiyo ni pesa ngapi. Ukishajua, kwenye soko la Gikomba hakuna atakayekuyumbisha. Mwisho wa mwezi, watu wanapohama, ndipo vitu vizuri hutoka kwa bei ya kuachia. Usitume M-Pesa kabla hujakiona kitu kwa macho. Andikishaneni pia, jina na nambari ya kitambulisho, maana kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinamhusu pia anayepokea mali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi.

Kisha pima mlango na kona ya ngazi kabla ya kuita mkokoteni. Ploti nyingi za mtaa wa Pipeline zina ngazi nyembamba, na kochi la watu watatu hukwama ghorofa ya pili. Uliza kama miguu inafunguka. Isipofunguka, chukua viti viwili vya mtu mmoja mmoja.