Kukatwa Jina, Kuhama na Kurudi: Dhana Potofu Kuhusu Mwenendo wa Edward Lowassa

Ukilitaja jina la Edward Lowassa kwenye kijiwe cha kahawa, iwe Magomeni, Kariakoo au Mbagala Rangi Tatu, mazungumzo hugawanyika kabla kahawa haijapoa. Wako wanaosema alionewa, wako wanaosema aliwatupa waliomwamini, na wako wanaonyamaza kwa sababu marehemu hasemwi. Aliaga dunia tarehe 10 Februari 2024 katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, hapa hapa Dar es Salaam, na staha wanayostahili marehemu wote anaistahili naye. Hata hivyo, mtu aliyekuwa Waziri Mkuu, akakatwa jina na chama tawala cha CCM, akahamia chama cha upinzani cha CHADEMA na kuwaomba kura Watanzania wa nchi nzima, kisha akarudi CCM, huacha nyuma mwenendo ambao ni wa umma, na masikitiko ya watu juu ya mwenendo huo ni ya kweli. Kinachonisumbua ni kwamba masikitiko hayo mara nyingi huelekezwa mahali pasipo pake, kwa kuwa yamejengwa juu ya mambo ambayo hayakutokea kama yanavyosimuliwa.

Dhana: Lowassa alishindwa kwa kura ndani ya CCM, akakataa matokeo.

Ukweli ni kwamba jina lake halikufika kwenye karatasi ya kura. Mwaka 2015 makada 42 walichukua fomu za kuomba kupeperusha bendera ya CCM katika kiti cha urais, na 38 kati yao wakazirudisha. Kamati Kuu ilipokutana Dodoma mwezi Julai ilipitisha majina matano: John Magufuli, Bernard Membe, January Makamba, Asha-Rose Migiro na Amina Salum Ali. Halmashauri Kuu ikayapunguza yakabaki matatu, kisha Mkutano Mkuu ukampa Magufuli kura 2,104, Amina Salum Ali kura 253 na Dkt. Migiro kura 59. Wajumbe wa vikao hivyo viwili vya mwisho, ambao ndio waliopiga kura, hawakupewa nafasi ya kumkubali Lowassa wala ya kumkataa. Ndiyo maana wajumbe watatu wa Kamati Kuu, yaani Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walijitokeza mbele ya waandishi wa habari kueleza kwamba hawakubaliani na utaratibu uliotumika, na ndiyo maana ukumbini kulisikika wajumbe wakiimba kwamba wana imani na Lowassa.

Sisemi kwamba angeshinda kama jina lake lingepita, kwa kuwa hilo halijulikani na halitajulikana kamwe. Ninachosema ni kwamba neno linalofaa ni lile lile linalotumiwa mitaani, kwamba alikatwa. Aliyeshindwa kwa kura anazo hesabu za kuzitazama na kuzikubali, ilhali aliyekatwa hubaki na uamuzi wa kikao cha faragha ambao sababu zake husikika kwa minong'ono tu. Anayemlaumu Lowassa kwa kukataa matokeo ya kura anamlaumu kwa jambo ambalo hakupata hata fursa ya kulifanya.

Dhana: Anayeongoza kura za maoni ndiye mgombea.

Kwa urais hakuna kura za maoni za wanachama wa kawaida. Mchujo huanzia juu na humalizikia kwenye Mkutano Mkuu. Kwa ubunge kura hizo zipo, lakini jina lake lenyewe linaeleza kazi yake, kwamba wapigaji hutoa maoni na vikao vya taifa ndivyo vinavyoteua. Wakazi wa jiji hili waliliona jambo hilo kwa macho yao mwaka 2020. Katika jimbo la Kigamboni, Faustine Ndugulile alimshinda Paul Makonda, aliyekuwa ametoka tu kwenye Ukuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, na jina la Ndugulile likarudi. Katika jimbo la Kawe, Josephat Gwajima alishika nafasi ya tatu, na jina lililorudi lilikuwa lake. Mwanachama asiyeujua utaratibu huu hujikuta akimkasirikia mgombea kwa uamuzi uliofanywa na kikao.

Dhana: Sheria inamkataza aliyekatwa kugombea kupitia chama kingine, kwa hiyo kuhama kwake kulikuwa kosa.

Hakuna sheria ya namna hiyo Tanzania. Zipo nchi zinazomzuia aliyeshindwa ndani ya chama asigombee kwa njia nyingine mwaka huo huo, lakini kwetu kizuizi kiko upande mwingine kabisa: Katiba inamtaka mgombea wa urais au ubunge awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa na chama hicho, na kwa hiyo mgombea binafsi hana mlango. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania suala hilo tangu miaka ya tisini, na tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba zuio hilo linakiuka haki. Katiba haijabadilishwa. Mtu aliyekatwa jina na bado anaamini kwamba wananchi wanamtaka anabaki na njia moja tu, nayo ni kuvaa sare ya chama kingine. Lowassa aliipita njia hiyo tarehe 28 Julai 2015, alipotangaza katika hoteli moja ya Bahari Beach kwamba anajiunga na CHADEMA. Kisheria hakukosea lolote, na mimi naona hata kimaadili hapo sipo penye uzito.

Dhana: Ndivyo walivyo vigogo wote, akikosa, anahama.

Kumbukumbu zinakataa. Mwaka 1995 Jakaya Kikwete alikuwa mbele katika duru ya kwanza ya Mkutano Mkuu wa CCM, kisha akashindwa na Benjamin Mkapa katika duru ya pili kwa kura 639 dhidi ya 686. Alikubali, akawa Waziri wa Mambo ya Nje kwa miaka kumi, akarudi kuomba tena mwaka 2005. Katika mchujo huo wa 2005 Dkt. Salim Ahmed Salim, ambaye naye alikuwa Waziri Mkuu wa zamani na alikuwa ametoka kuuongoza Umoja wa Nchi Huru za Afrika kwa miaka 12, alishika nafasi ya pili baada ya kampeni iliyomchafua kwa maneno mazito, wala hakuondoka chamani. Augustine Mrema hutajwa sana katika kundi la waliohama kwa hasira za mchujo, ilhali aliondoka CCM mapema mwaka 1995, kabla ya mchujo wa urais, akagombea kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi na kupata karibu asilimia 28. Bernard Membe naye alibaki CCM baada ya kukosa mwaka 2015. Alifukuzwa uanachama Februari 2020 ndipo akaenda ACT-Wazalendo.

Dhana: Lowassa ndiye aliyeubomoa upinzani mwaka 2015.

Hapa hesabu ni muhimu kuliko hasira. Mwaka 2010 mgombea wa CHADEMA, Dkt. Wilibrod Slaa, alipata karibu asilimia 27 ya kura. Mwaka 2015 Lowassa, akiungwa mkono na vyama vinne vya UKAWA, yaani umoja wa vyama vya upinzani, alipata kura 6,072,848, sawa na asilimia 39.97, dhidi ya kura 8,882,935 za Magufuli. Hakuna mgombea wa upinzani aliyekuwa amefika hapo tangu vyama vingi virejeshwe. Hapa Dar es Salaam UKAWA ilichukua majimbo sita kati ya kumi, yaani Ubungo, Kibamba, Kawe, Ukonga, Kinondoni na Temeke, na Machi 2016 jiji likapata Meya kutoka upinzani, Isaya Mwita. Mtu hawezi kuitwa mbomoaji kwa mwaka ambao nyumba ilikuwa kubwa kuliko ilivyowahi kuwa.

Gharama ilikuwepo, lakini ilikuwa ya aina nyingine, na wa kuulizwa kwanza ni waliomfungulia mlango. Septemba 2007, katika viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, CHADEMA ilisoma hadharani orodha ya watu iliowatuhumu kwa ufisadi, na jina la Lowassa lilikuwa mojawapo. Msomaji wa orodha hiyo alikuwa Dkt. Slaa. Februari 2008 Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu baada ya ripoti ya kamati teule ya Bunge kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond. Ni haki kueleza kwamba hakupelekwa mahakamani kwa suala hilo na kwamba siku zote alikana kutenda kosa. Anayemwita mhalifu anasema kisichothibitishwa. Hata hivyo, chama kilichomtuhumu miaka minane kabla kilikuwa na wajibu wa kuwaambia wafuasi wake waziwazi kama tuhuma zile zilikuwa na makosa au kama zimewekwa kando kwa ajili ya kura. Profesa Ibrahim Lipumba alijiuzulu uenyekiti wa CUF, kimojawapo cha vyama vya UKAWA, mwezi Agosti, Dkt. Slaa akaachana na siasa za chama mwanzoni mwa Septemba, na wanachama waliobaki wakaachwa wajijibu wenyewe.

Dhana: Kama kweli aliamini kwamba ameibiwa, angekwenda mahakamani.

Lowassa aliyakataa matokeo ya Oktoba 2015 na kudai kwamba yeye ndiye aliyeshinda. Siwezi kuyathibitisha madai hayo, lakini hoja ya mahakama haimhusu. Ibara ya 41(7) ya Katiba inasema kwamba mgombea akishatangazwa na Tume kuwa amechaguliwa kuwa Rais, hakuna mahakama yoyote itakayokuwa na mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Mwaka 2020 Mahakama ya Afrika iliamua kwamba kifungu hicho nacho kinakiuka haki.

Dhana: Kurudi kwake CCM lilikuwa jambo lake binafsi, halimhusu mtu mwingine.

Hii ndiyo dhana ninayoipinga kwa nguvu zangu zote, na ndipo ninapoona masikitiko yana mahali pa kusimama. Tarehe 1 Machi 2019, katika Ofisi Ndogo ya CCM iliyoko Mtaa wa Lumumba, Lowassa alipokelewa na mwenyekiti wa chama hicho, Rais Magufuli, mtu yule yule aliyeshindana naye. Alisema kwa ufupi kwamba amerudi nyumbani. Dalili zilikuwa zimeonekana tangu Januari 2018, alipokwenda Ikulu na kuisifu kazi ya Rais, na mwenyekiti wa CHADEMA, Freeman Mbowe, akalazimika kueleza kwamba huo haukuwa msimamo wa chama.

Uhuru wa kujiunga na chama na kutoka ni wa kila raia, na hata yeye alikuwa nao. Lakini aliyegombea urais hakuwa mwanachama wa kawaida aliyerudisha kadi tawini. Alikuwa amewaomba watu waondoke walikokuwa na kumfuata, na waliofuata hawakuwa na ulinzi aliokuwa nao yeye. Kuanzia katikati ya mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, madiwani na wabunge wa upinzani wakawa wanaingia na kutoka vituo vya polisi, na Septemba 2017 Tundu Lissu akapigwa risasi nyingi Dodoma. Wakati huo huo likazuka wimbi la wabunge na madiwani waliojiuzulu na kuhamia CCM wakisema wanaunga mkono juhudi za Rais, kisha wakateuliwa kugombea viti vile vile walivyoviacha. Dar es Salaam ilipoteza watatu kwa mtindo huo: Maulid Mtulia wa Kinondoni, Mwita Waitara wa Ukonga na Abdallah Mtolea wa Temeke. Kwa lugha ya mtaani hayo yalikuwa mambo ya wakubwa, lakini gharama zake hazikulipwa na wakubwa. Tarehe 16 Februari 2018, siku moja kabla ya uchaguzi mdogo wa Kinondoni uliosababishwa na kuhama kwa mbunge, polisi walifyatua risasi kutawanya waandamanaji wa CHADEMA, na mwanafunzi wa chuo aliyekuwa ndani ya daladala, asiyehusika na maandamano, akapoteza maisha.

Baada ya yote hayo, maneno ya kurudi nyumbani hayakutosha. Waliostahili kusikia zaidi ni wale waliopoteza kazi, biashara au uhuru kwa kusimama upande aliowaitia yeye, na walichostahili kuambiwa hakikuwa kirefu: kwamba aliamini nini mwaka 2015 ambacho hakukiamini tena mwaka 2019, nini kilibadilika katika chama alichokilaumu kwa kumkata jina bila haki, na wale waliobaki nyuma yake wafanye nini na imani aliyowapa. Frederick Sumaye, Waziri Mkuu mwingine wa zamani aliyehamia upinzani Agosti 2015, naye alirudi CCM Februari 2020, na wapiga kura walewale wakashuhudia mlango ukifungwa kwa mara ya pili.

Wanaomtetea husema kwamba umri ulikuwa umekwenda na kwamba hali ya siasa ilikuwa ngumu kwa kila mtu. Ninalikubali la pili bila shaka yoyote, kwani ugumu huo haukuwa wa kubuniwa. Lakini ofisi ya Mtaa wa Lumumba na viwanja vya Jangwani, ambako UKAWA ilizindua kampeni zake tarehe 29 Agosti 2015 mbele ya umati uliofurika, vimetenganishwa na mwendo wa miguu usiozidi nusu saa. Waliosimama juani Jangwani siku ile walijua alikorudi kwa kuona picha za mapokezi.