Mkishafika, nitakuwa nimevaa kofia nyekundu: futur antérieur kwa anayefikiri kwa Kiswahili

Mwanafunzi wangu mmoja ni dereva wa watalii Arusha. Siku moja aliwaandikia mume na mke Wafaransa waliokuwa wanakuja kutua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro: « Si vous êtes arrivés, je vous attendrai à la sortie. J'aurai porté une casquette rouge. » Kichwani mwake kulikuwa na Kiswahili kizuri kabisa: "Mkishafika, nitawasubiri mlangoni. Nitakuwa nimevaa kofia nyekundu."

Jibu lilikuja usiku uleule, na lilikuwa la wasiwasi. Kwa nini anasema *kama* wamefika, safari ina matatizo gani? Na kofia hiyo, ikiwa atakuwa ameshaivua, watamtambuaje?

Aliniletea simu yake darasani akiwa amenyong'onyea. Niliusoma ujumbe ule taratibu. Tahajia ilikuwa safi, vitenzi vimenyambuliwa sawasawa. Makosa yote mawili yalitoka kwenye Kiswahili chake fasaha, na ndiyo maana siku hizi sifundishi futur antérieur, yaani wakati ujao timilifu wa Kifaransa, kabla ya kuwaambia wanafunzi waitazame kwanza lugha yao.

Umbo lenyewe tunalo nyumbani. Shuleni tuliliita wakati ujao hali timilifu: *nitakuwa nimemaliza*. Kitenzi kisaidizi kinabeba wakati ujao, kitenzi kikuu kinabeba utimilifu. Kifaransa hufanya vivyo hivyo: *j'aurai* (nitakuwa) *fini* (nimemaliza). Tofauti ni kwamba sisi tunamtaja mtenda mara mbili, ni- na ni-, wao mara moja tu. Na sisi tuna kisaidizi kimoja, *kuwa*, wao wana viwili, *avoir* na *être*.

Kwa hiyo unahitaji kukariri mistari miwili: *aurai, auras, aura, aurons, aurez, auront* na *serai, seras, sera, serons, serez, seront*. Anayehangaika na *viendrai*, *verrai* na *pourrai* apumue, kwa sababu hapa mashina hayo magumu hayahitajiki. Kinachohitajika ni participe passé, yaani *venu*, *vu*, *pu*, umbo lilelile ulilojifunza ulipoanza passé composé, wakati uliopita wa *j'ai fini*, nimemaliza.

Lini *avoir*, lini *être*? Vitenzi vingi huchukua *avoir*. Vitenzi vya kujitenda vyote huchukua *être*: *je me serai levé*, nitakuwa nimeamka. Kisha kuna kundi dogo la kwenda, kuja, kuingia, kutoka, kupanda, kushuka, kuzaliwa, kufa na wenzao, ambalo walimu wengi hulichora ubaoni kama nyumba yenye mlango na ngazi. Mchoro huo unasaidia, ila wanafunzi hukwama wanapomsikia Mfaransa akisema *j'aurai sorti la voiture*. Si *sortir* ni ya *être*?

Hapa Kiswahili kinatubeba. Sisi tuna *toka* na *toa*, *shuka* na *shusha*. Nitakuwa nimeshuka: *je serai descendu*. Nitakuwa nimeshusha mizigo: *j'aurai descendu les bagages*. Sisi tunabadilisha kitenzi, Mfaransa anakiacha kitenzi kilivyo na kubadilisha kisaidizi. Yambwa, yaani kinachotendwa, ikitokea, *être* inaondoka. Hata *kupanda ngazi*, ambako Kiswahili hakibadiliki, ngazi ni yambwa, kwa hiyo ni *j'aurai monté l'escalier*.

Upatanisho hautupi shida sana sisi watu wa ngeli. Kwa *être*, participe hufuata mtenda: *elle sera partie*, *ils seront partis*. Kwa *avoir*, hufuata yambwa ikiwa imetangulia: *les lettres que j'aurai écrites*. Linganisha na "barua nitakazokuwa nimeziandika", uone -zi- inavyofanya kazi ya lile -es. Kukanusha, wao wanakizunguka kisaidizi: *je n'aurai pas encore fini*. Sisi mara nyingi tunakanusha upande wa pili: nitakuwa *sijamaliza*. Usiipeleke *pas* huko nyuma ya *fini*.

Sasa turudi kwa dereva.

Kiambishi -ki- kinafanya kazi mbili. "Mkifika nitawasubiri" inaweza kumaanisha *kama* mtafika au *wakati* mtakapofika, na sisi hatupotei, muktadha unatuambia. Kifaransa hakiruhusu utata huo. Lazima uchague: *si* au *quand*. Dereva alichagua *si*, kwa kuwa kitabu chake cha kwanza kilimfundisha kwamba -ki- ni *si*, na wageni wakasikia shaka ambayo yeye hakuwa nayo.

Nawafundisha wajiulize maswali mawili, kwa mpangilio huu. La kwanza: je, naweza kuweka *iwapo* mahali pa -ki- na maana ikabaki ileile? Ikibaki, ni *si*, na baada ya *si* hii ya sharti hakuna wakati ujao wa aina yoyote. "Ukiwa umemaliza kabla ya saa sita, tutakula pamoja": *si tu as fini avant midi, nous déjeunerons ensemble*. *Si tu auras fini* ni kosa ambalo mtahini wa DELF, ule mtihani wa kimataifa wa Kifaransa, halisamehe. (Kuna *si* nyingine, ya kutojua, na hiyo inakubali: *je ne sais pas s'il aura fini*, sijui kama atakuwa amemaliza.)

Kama *iwapo* imegoma, basi ni *quand*, *dès que*, *une fois que* au *lorsque*. Hapo linakuja swali la pili: je, naweza kuingiza -sha-? "Nikila nitasikiliza redio." Ukisema "nikishakula" umebadilisha habari, kwa sababu redio ilikuwa iende pamoja na chakula. Basi ni futur simple, wakati ujao wa kawaida: *quand je mangerai, j'écouterai la radio*. Lakini "nikila nitatoka" inaipokea -sha- bila shida, kwa sababu kula kutakuwa kumekwisha: *quand j'aurai mangé, je sortirai*. Kwangu mimi hicho kiambishi kidogo, -sha-, ndicho kipimo bora cha futur antérieur, na anayezungumza Kiswahili anakipata bure. Kwa vitenzi vya mara moja kama *kufika*, Wafaransa wenyewe hukubali njia zote mbili, *quand j'arriverai* na *quand je serai arrivé*. Usijiumize hapo.

Jambo moja wengi wanalikosa: pale Mfaransa anaposema *quand* hii, -ki- yetu haisemi wakati ujao. Tunasema "nikishamaliza", hakuna -ta- popote. Mfaransa anaidai. Kwa hiyo "nikishamaliza nitakupigia" ni *quand j'aurai fini, je t'appellerai*, wakati ujao pande zote mbili, na lile la kwanza kutokea ndilo linalobeba utimilifu. Rafiki zangu wa Bukavu na Bujumbura waliosoma kwa Kifaransa tangu utoto huisema bila kufikiri. Sisi tuliokipata ukubwani tunaisema kwa kufikiri, mpaka siku mdomo unapozoea.

Kofia ni kisa kingine. -me- yetu ina sura mbili. *Amekula* ni tendo lililokwisha. *Amevaa*, *amesimama*, *amelala*, *amechoka* ni hali aliyonayo sasa hivi. Participe passé ya Kifaransa ikiwa na *avoir* inasema tendo limekwisha, basi. Kwa hiyo "nitakuwa nimevaa" haipiti njia ya *j'aurai porté*. Inapita njia ya kawaida: *je porterai une casquette rouge*. Nitakuwa nimesimama mlangoni: *je serai debout à la porte*. Nitakuwa nimechoka: *je serai fatigué*. Kabla ya kuandika *aurai*, uliza kama -me- hiyo inaeleza kilichokwisha au kinachoonekana. Kama mtu angepiga picha na hali hiyo ikaonekana pichani, achana na futur antérieur.

Matumizi ya kukisia huwafurahisha wanafunzi, kwa sababu yanafanana mno na yetu. Mwenzao hajafika, mmoja anasema "atakuwa amekosa basi". *Il aura raté le bus.* Hakuna wakati ujao hapo, ni dhana juu ya jambo lililopita, na lugha mbili zisizo na undugu zimechagua umbo lilelile. Katika mazungumzo ya kila siku, hata hivyo, utasikia zaidi *il a dû rater le bus*. Na "atakuwa amelala", kama unamaanisha yuko usingizini sasa, ni *il doit dormir*. Ile -me- ya hali tena.

Kwenye magazeti utakutana na *il aura fallu trois ans pour…*, mwandishi akipima jambo lililokwisha. Usitafsiri "itakuwa imelazimu". Kiswahili kinasema "imechukua miaka mitatu", na inatosha.

Na jihadhari na s moja: *j'aurai fini* ni nitakuwa nimemaliza, *j'aurais fini* ni ningekuwa nimemaliza. Wafaransa wengi huyatamka sawa. Ukiwa na shaka wakati wa kuandika, jaribu kwa *nous*: ikija *nous aurons*, hakuna s. Ikija *nous aurions*, iweke.

Wiki iliyopita dereva wangu alinitumia ujumbe aliowaandikia wageni wengine: « Quand vous aurez récupéré vos bagages, sortez par la porte principale. Je porterai une casquette rouge. Si l'avion a du retard, ne vous inquiétez pas, je serai là. »

Sikusahihisha hata nukta.