Atomu moja tu: makala (makaa), mazuku na pumzi zetu hapa Goma

Mwanangu anafundishwa kwamba kila kitu kimeundwa kwa atomu. Hayo yananihusu nini?

Yanahusu hewa unayovuta sasa hivi, mama. Atomu ndiyo chembe ndogo kabisa ya elementi, kama kaboni au oksijeni. Zikishikana, zinakuwa molekuli. Kaboni 1 ikishikana na oksijeni 2, ni kaboni dayoksaidi, ile tunayoitoa tukipumua. Ikipata oksijeni 1 tu, ni kaboni monoksaidi, sumu kali.

Makala yangu yameshika vizuri, mekundu, moshi hakuna. Mvua ikinyesha niingize mbabula, jiko langu la makala, ndani?

Hapana! Moshi unauona, monoksaidi huioni wala huinusi. Makala yakiungua bila hewa ya kutosha, kaboni nyingi inaambulia oksijeni moja badala ya mbili. Ukiivuta gesi hiyo, inakimbilia hemoglobini, mbebaji wa oksijeni katika damu, na kuing'ang'ania zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Damu inazunguka mikono mitupu. Kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu na kichefuchefu, miguu inalegea. Wengi husema "malaria hiyo" na kwenda kulala, na hapo ndipo wanapofia. Mkiona nyumba nzima inaumwa kichwa kwa wakati mmoja, na mkitoka nje mnapata nafuu, shukuni mbabula kabla ya mbu.

Lakini nyumba yangu ni ya mbao, ina nyufa.

Na usiku wa baridi umeziziba kwa vitambaa, sivyo?

Nikiwasha mshumaa, si utazimika kukiwa na hatari?

Usiutegemee. Monoksaidi ikiwa sehemu 1 tu katika 1,000 za hewa inaweza kuua, na mshumaa utaendelea kuwaka kama kawaida.

Mazuku nayo ni gesi hiyo hiyo?

Siyo. Mazuku ni dayoksaidi inayotoka ardhini kwenye eneo letu la volkano, hasa magharibi ya mji, kuelekea Sake. Ile oksijeni ya ziada inaifanya nzito kuliko hewa, kwa hiyo inatuama mabondeni na mashimoni, hasa usiku na alfajiri upepo ukitulia. Ndiyo maana mtu mzima anaweza kusimama salama mahali ambapo mbuzi ameanguka miguuni pake. Anayeinama kumwinua, au mtoto anayeshuka kumfuata, naye anaanguka. Msishuke. Iteni watu, na wafungeni watoto kamba ya maneno: shimo lenye panya au ndege waliokufa si la kuchezea.

Mtu akizidiwa na gesi ya makala tumpe maziwa?

Maziwa yanaenda tumboni, sumu iko kwenye damu. Mtoeni nje haraka, kisha hospitali yenye oksijeni, hata kama amezinduka na anasema amepona.